Meli ya mizigo toka Mwanza iko Kisumu, niipige picha nikiwa wapi?

mtoto_wa_gati: Wadau habari za Jumapili. Kuna meli imeingia toka Mwanza bado inapakuliwa, na mi nataka picha moja tu lakini iwe ya maana niichape nitie fremu. Ni ya baba, alifanya kazi kwenye meli za kubeba mabehewa ya treni enzi za reli ya Afrika Mashariki kabla Jumuiya haijavunjika 1977, na siku hizi miguu haimruhusu kushuka ziwani. Jana saa kumi jioni nilikuwa ufukweni Lwang'ni na simu, meli imetoka nyeusi tii, anga nyeupe pee, hata jina ubavuni halisomeki. Nakosea wapi?

jicho_la_nam: Ni jua tu ndugu yangu. Kwetu ziwa liko magharibi, so jioni ukisimama ufukweni jua linakuangalia machoni na meli inakupa mgongo wenye kivuli. Rudi asubuhi, saa moja hadi saa tatu hivi, jua linatoka upande wa milima ya Nandi linaipiga meli vizuri hadi kutu unaiona. Na kwa simu gusa meli kwenye skrini, usiguse anga, ili simu ipime mwanga wa meli.

boti_dunga: Jioni pia inawezekana ukiwa majini, kodi boti hapa Dunga tukuzungushe upande wa nje jua likuwe nyuma yako. Ila mchana upepo unaamka na boti inacheza, kama una kamera spidi ya shata isishuke 1/500 ya sekunde, na lifejaketi usivue hata kwa picha moja. Piga simu kwanza uulize gugu maji limelala wapi, mwezi jana lilitufungia njia, mizizi ikajisokota kwenye propela tukakata na kisu karibu saa nzima.

mama_wa_milimani: Jameni ndani ya bandari usipige bila ruhusa, ni eneo la ulinzi, ingia ofisini kwao uombe kwa adabu ueleze ni ya mzee. Droni sahau, uwanja wa ndege uko hapo hapo kando ya ziwa na hata kwingine lazima upate kibali.

fundi_reli: Kama ni meli ya Umoja, hiyo ni pacha wa meli yetu ya Uhuru, zote za miaka ya 60, Jumuiya ilipovunjika moja ikabaki Tanzania nyingine ikabaki Kenya. Mwanangu, mtu wa mabehewa hatafuti machweo. Ukipata ruhusa mpigie pale reli ya gati inapoungana na reli ya ndani ya meli, hapo ndo jasho lake lilimwagika.

mtoto_wa_gati: Mzee wangu fundi_reli, nimemsomea hii yako akanyamaza kidogo, halafu akaomba kalamu akanichorea hiyo sehemu nyuma ya bahasha, na mahali alipokuwa anasimama ameweka alama ya x. Kesho saa mbili niko ofisini kwao naomba ruhusa.