Msokoto wa tumbo kwa farasi: chanzo ni nini, na nauzuiaje?

Tandiko:
Wakuu, habari za usiku. Naomba kueleweshwa kuhusu msokoto wa tumbo kwa farasi. Unatokana na nini hasa, na mfugaji afanye nini ili usimpate mnyama wake? Nina jike wa makamo, mpole. Nimesoma huku na huku, nazidi kuchanganyikiwa. Wenye uzoefu nisaidieni, matusi sitaki.

Mzee wa Zizi:
Swali zuri hili. Mfuko wa tumbo wa farasi ni mdogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, na farasi hawezi kutapika: kikishuka hakipandi. Utumbo mpana nao ni mrefu, umejikunja, na mahali pamoja unapogeuka karibu na nyonga unabana ghafla. Majani makavu yasiyopata maji hukwama hapo. Kwa hiyo maji kwanza. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na kukiwa na joto huzidi. Majani ndiyo yawe chakula chenyewe, nafaka iwe kidogo na uigawe mara kadhaa. Ukibadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 14, maana vijidudu vinavyochachusha majani tumboni havivumilii mabadiliko ya ghafla.

Bi Hatamu:
Usisahau minyoo, mkuu. Wale bapa hukaa pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, wakizidi ni balaa. Na mchanga! Dume wangu alikuwa akila chakula chini kwenye kiwanja kisicho na majani. Nilichota kinyesi chake, nikakikoroga na maji kwenye chupa ya kioo, nikaacha kitulie. Chini ulituama mchanga mtupu. Tangu siku hiyo halishwi chini, analishwa kwenye hori.

Mchunga:
Watu mnanunua farasi kwa ajili ya picha. Mnyama ni amana, mtaulizwa.

Kwato Nne:
Mleta uzi, mbona unauliza kuhusu kuzuia saa nane za usiku? Huyo jike amekunya lini mara ya mwisho?

Tandiko:
Jana mchana. Jioni ya leo alikuwa anaparua chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, kisha akalala akagaagaa. Ila sasa ametulia, naona yamepita. Ndiyo maana nauliza ya kuzuia.

Kwato Nne:
Ametulia mwenyewe, au mmempa kitu?

Tandiko:
Jirani alikuwa na dawa ya maumivu iliyobaki, tukamchoma shingoni. Na kweli, wiki hii tumemfungia bandani kwa ajili ya mashindano na kumwongezea shayiri. Najua mtakachosema. Lakini daktari yuko mbali, na mnyama ametulia, sasa nimwamshe mtu usiku wa nini? Kukicha namchoma nyingine, halafu nampa mafuta ya kula kwa chupa, yalainishe.

Kwato Nne:
Mafuta kwa chupa usithubutu. Yakiingia njia ya hewa, utakuwa na ugonjwa wa mapafu juu ya ule wa tumbo. Daktari huyapitisha kwa mpira wa puani, tena baada ya kuhakikisha tumbo halijajaa. Na hiyo sindano imezima maumivu tu, haijafungua utumbo. Ukirudia, daktari akifika atamkuta mnyama aliyenyamazishwa, na dalili ya kumwambia kama utumbo umejipinda itakuwa imefichika.

Ndevu:
Hii chai, wakuu. Kwanza farasi mzima, mara mgonjwa, mara sindano, mara mashindano. Mwenye farasi anayegaagaa ana muda wa kuandika? Picha iko wapi?

Mzee wa Zizi:
Kama ni chai, nimepoteza usiku wangu. Watu kama hawa ndio wanaofanya wenye shida za kweli wapuuzwe.

Bi Hatamu:
Mimi nilikuwa naandika hivi hivi wakati dume wangu amelala chini. Nilikuwa nimekaa kwenye majani, simu mkononi, nangoja mtu aniambie si kitu.

Kwato Nne:
Tuache kubishana. Tandiko, shika mshipa unaopita ukingoni mwa taya, kwa ndani. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyepumzika ni 28 hadi 44. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole: weupe uondoke ndani ya sekunde 2.

Tandiko:
Nimepata 17, kwa hiyo 68. Nimerudia, ni hivyo hivyo. Fizi zimeiva wekundu na weupe unachelewa kuondoka.

Kwato Nne:
68, na dawa ya maumivu imo mwilini! Mpigie daktari sasa hivi. Mtajie jina la dawa, kiasi na saa mliyochoma. Ondoa chakula chote. Akisimama mtembeze polepole, usimchoshe. Akilala kimya mwache.

Ndevu:
Mimi bado nasubiri picha.

Tandiko:
Daktari amefika. Amepitisha mpira puani, maji machafu yamejaa ndoo na bado yanatoka. Anasema yangebaki ndani, tumbo lingeweza kupasuka. Anahofia utumbo umejipinda, huenda akahitaji upasuaji. Tunampakia kwenye gari.

Kwato Nne:
Nendeni salama. Waambie pia kwamba mlichoma kwenye msuli wa shingo. Baadhi ya hizo dawa zikiingia kwenye msuli wa farasi huacha uvimbe wenye bakteria hatari, kwa hiyo waikague shingo leo na siku zinazofuata. Ukipata nafasi, tuambie wamekuta nini.