Naomba ushauri: kupita chini ya magenge ya miamba na wenzi wa hosteli

Wakuu, naomba ushauri. Njia ya pwani inapita chini ya magenge, na kipande kimoja hupitika maji yakipwa tu. Saa za maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa juu zaidi. Najua ni heri kuingia maji yakiwa bado yanatoka. Shida ni wenzi wa kukutana hosteli: mmoja akichelewa kufunga begi, wote mnanaswa. Mnakubalianaje saa ya kuondoka, usiku ule mmoja tu mnaolala pamoja hosteli? Na soli ipi hushika kwenye mwani wa kijani, ule mwembamba unaoteleza kama sabuni? Begi ni kilo 11.