MJADALA: Pesa ya ramani ndani ya makumbusho iende kwa apu ama kwa ukuta?

Wasee wa Nairobi salamu. Kuna kitu kimenikaa moyoni tangu Jumapili na nataka tukijadili hapa. Jumuiya yetu inapanga ziara ya Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, wazee na watoto pamoja, sasa binamu yangu mwenye hutengeneza programu za simu akasimama akasema kila mahali pa kutembelewa hapa jijini, makumbusho, nyumba za sanaa, kumbi kubwa, palazimishwe kuwa na apu yenye ramani ya ndani, unafungua simu unaona kidoti cha bluu kikitembea na wewe mpaka mbele ya kabati la kitu unachotafuta. Mzee mmoja akamjibu hiyo ni kutupa pesa, weka askari mwenye adabu mlangoni na maneno yameisha. Watu wakagawanyika, chai ikapoa.

Mimi niko upande wa ramani, tena kabisa. Lakini sio ramani ya binamu yangu.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka jana nilimpeleka shosho yangu kwa maonyesho fulani hapa town, jina la mahali nitaliacha. Ana miaka 79 na magoti yanamsumbua lakini hiyo siku alikuwa amejipanga, viatu vya kanisani, leso begani. Tukalipa, nikamuuliza askari maonyesho yako upande gani, akanyoosha mkono akasema "mbele hapo, mtaona." Mbele hapo palikuwa na ngazi, vidato 22, nilikuja kuvihesabu baadaye. Shosho akapanda tisa akasema wacha nipumzike, akatandika leso akaketi pale pale katikati, watu wanampita kando, wengine wanamwamkia, wengine wanamruka tu kama mzigo wa mtu. Tukakaa hapo karibu nusu saa, yeye anaangalia chini kama aliyekosea kitu. Ndio akapita dada wa usafi na ndoo yake, akasimama, akasema, "Kwani hamkuambiwa kuna njia ya mteremko? Zungukeni nyuma, mnapitia kando ya jikoni ya hoteli." Na kweli ilikuwepo! Ya simiti, safi, ina chuma cha kushikilia, lakini hakuna kibao hata kimoja. Mtu aliichora, akaijenga, akalipwa, halafu anayejua iko wapi ni yule anayepiga deki peke yake.

Kwa hivyo mkisema ramani mimi sifikirii kujua mimi niko wapi. Shosho alijua vizuri sana mahali ameketi. Alichokosa ni kujua jengo lenyewe limekaaje, na alihitaji kulijua hiyo asubuhi kabla hatujapanda matatu.

Haya, tuongee kidoti basi. GPS inategemea satelaiti ziko zaidi ya kilomita 20,000 huko juu, mawimbi yakifika chini yamechoka, ukiingia ndani ya zege yanazibwa ama yanadunda kwa kuta, ndio maana uko ndani ya jengo na simu inakuambia uko katikati ya barabara. Hata ikikaribia, kukujulisha uko orofa ya ngapi ni shida, kuna simu zenye kihisi cha kupima presha ya hewa ambacho kinaweza kujua umepanda, lakini nyingi za bei ya chini hazina. Ukitaka kidoti ndani ya nyumba itabidi upime nguvu ya waifai kona kwa kona, ama ufunge vidude vya blututhi ukutani. Uwanja wa ndege wa Gatwick kule Uingereza mwaka wa 2017 walifunga karibu vidude 2,000 vya betri. Na betri hufa. Hapa kwetu balbu ya korido inaweza kukaa giza miezi, sasa niambieni nani atazunguka na ngazi kubadilisha betri ambazo hata hazionekani zikizima? Louvre kule Paris mwaka wa 2012 walianza kukodishia wageni Nintendo 3DS, kile kifaa cha michezo, kikiwa na ramani na maelezo ndani. Angalau hapo mgeni hakutegemea simu yake wala bando yake.

Na bando ndio mahali apu inawaachia wengi nje ya geti. Simama Museum Hill siku ya wiki shule zikiwa zimefunguliwa uone mabasi ya njano yakipanga foleni. Wanafunzi wale hawabebi simu. Kuna mwalimu mmoja mwenye watoto arobaini na chaji imebaki kidogo, huyo ndio unamwambia adaunlodi apu mlangoni? Na lile jengo sio chumba kimoja, lilifunguliwa 1930, limeongezwa, likafungwa 2005 kwa ukarabati, likafunguliwa tena 2008. Mtoto mmoja anataka kuona Kijana wa Turkana, ile mifupa ya binadamu wa kale, yule ambaye mfupa wake wa kwanza uliokotwa na Kamoya Kimeu kule Nariokotome 1984, mwingine anataka ndege, mwingine analia anataka nyoka na nyoka wako nje kwa jengo lao. Mwalimu anahitaji mchoro wa kushika mkononi na wa kusoma ukutani.

Ninachotaka ni hivi. Mchoro mmoja mzuri wa jengo, unawekwa mahali pawili. Kwanza ukutani, mkubwa, pale kila njia inapogawanyika, na uwekwe kimo ambacho mtu aliyeketi kwa kiti cha magurudumu anausoma bila kukunja shingo. Pili kwa ukurasa mwepesi wa intaneti unaofunguka hata kwa simu ya zamani, hakuna kudaunlodi, hakuna kujisajili. Kando ya mchoro wa ukutani bandika kile kimraba cha QR, na kwa sababu kila kimraba kina mahali pake, ukikiskani tu ramani inajua umesimama wapi, bila satelaiti, bila betri, bila mtu kukufuata. Na mchoro uonyeshe vitu vya maana: vidato ni vingapi, lifti iko wapi, mteremko uko wapi, benchi la kupumzika, choo, maji. Mimi ningeusoma nyumbani usiku, tungezunguka nyuma moja kwa moja.

Na uwe kwa Kiswahili jameni, kinachoelekeza vile sisi huelekezana. Hakuna Mnairobi humwambia mwenzake nenda mita 40 kaskazini. Tunasema ukifika kwa ile miti, ukiona duka la rangi ya bluu, pinda. Hata ndani iwe hivyo. Pale makumbusho kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa 1974, ukubwa wake kamili, nani anaweza kumkosa? Sema "ukimwona Ahmed umefika uani," mtoto ataelewa na shosho ataelewa, kuliko kuandika Ukumbi B. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni rasmi pamoja na Kiingereza, na kinaitaka serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya na breli. Kwa hivyo hii sio hisani ninaomba.

Kuna hoja moja ililetwa Jumapili ambayo sitaipita haraka. Mama mmoja aliuliza, "Mmesahau Westgate? Mnataka kuchorea watu wabaya jengo?" Sijasahau, na hakuna mtu wa huu mji anaweza kusahau Septemba 2013, magaidi walivamia lile jengo la maduka, watu 67 waliuawa. Swali lake ni la haki. Lakini ninachoomba kuchorwa ni kile ambacho kila aliyelipa kiingilio anakiona kwa macho yake, vyumba vya wageni, ngazi, vyoo, milango ya kutokea. Stoo, njia za wafanyakazi, kamera, hizo zisiwekwe. Na siku mambo yakiharibika, iwe ni moto ama kitu kingine, mgeni asiyejua mlango wa pili uko wapi ndio anakimbilia ule mmoja alioingilia. Mimi naona kujua mlango kunalinda wengi kuliko kuuficha.

Mambo ya apu kurekodi nyayo zako sitayarefusha, tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ukimfuata mtu chumba kwa chumba jiandae kueleza ni kwa nini.

Pale mzee wetu amepiga ndipo ni hapa: ramani isiyo na mwenyewe hudanganya. Wakihamisha kabati na mchoro usibadilishwe, heri usingekuwepo. Kwa hivyo naongeza, kila mahali pawe na mtu mmoja anayejulikana ambaye hiyo ni kazi yake, imeandikwa kwa barua yake ya ajira. Na siku ya kuchora, wa kwanza kuitwa awe dada wa ndoo na wenzake, kabla ya mkandarasi na kabla ya binamu yangu.

Sasa leteni maoni. Nyinyi mnaotumia kiti cha magurudumu, wenye watoto wa kubebwa, walimu wa ziara, nataka kusikia nyinyi kwanza. Mmekwama mlango gani, nani aliwaonyesha njia, na ingewasaidia nini kujua kabla? Kama unasema apu ni lazima, nieleze nani ataitunza mwaka wa tatu. Kama unasema askari anatosha, nieleze ningemwambia nini shosho pale kwa kidato cha tisa.