Mrejesho: ile PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA) ya selimundu iliyokuwa inasoma AS (jeni moja la kawaida, A, na moja la selimundu, S) kila sampuli
Wakuu nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza mbona sampuli zangu zote zinatoka AS, mpaka kontroli ya AA (sampuli inayojulikana haina S), kumbe kimeng'enya DdeI, kile kinachokata DNA ya A, kilikuwa hakimalizi kukata, na kwa kuwa badiliko la S linafuta ile sehemu ya kukatwa basi DNA isiyokatwa inajifanya S. Kuongeza kimeng'enya peke yake hakukunisaidia kitu. Kilichofanya kazi ni kusafisha DNA upya, kuiacha nyuzi 37 usiku kucha na kupandisha jeli ya agarosi (inayotenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa) toka asilimia 1 hadi 3, aisee ule mstari wa juu (wa DNA isiyokatwa) kwenye AA umepotea kabisa. Sampuli mbili bado zina ukungu, nimezipeleka Sanger (kusomwa mfuatano wa DNA yenyewe), nasubiri. Asanteni, hasa mkuu uliyeniambia nianze na kontroli, ilinichoma ila ulikuwa sahihi.