Mpira, samaki hai au majani: kipi kinamfaa kobe wa tangini?

Mkaazi wa Nyali: Salaam ndugu zangu. Ninafuga kobe wa majini wa masikio mekundu, jike, ambaye gamba lake limefikia sentimita 15, katika tangi la lita 120. Anakula vizuri, lakini tangu mwezi uliopita hushinda akiparura kioo kwenye pembe ileile, hadi tunamsikia kutoka jikoni. Nimeshauriwa nimtilie mpira unaoelea, au samaki hai awawinde, au majani ya majini. Naomba ulinganisho wa mtu aliyejaribu.

Fundi Matangi: Kabla ya mpira, lipime tangi. Wafugaji wengi hukadiria lita 38 za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba, na kwa hesabu hiyo wako anastahili zaidi ya lita 220. Taa hukuitaja: je, anapo mahali pakavu pa kuota joto la nyuzi 32 hivi, chini ya taa ya UVB, yaani inayotoa miale kama ya jua?

Bint Shela: Kuhusu tangi nakubali, ila mpira usidharauliwe. Katika bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington alikuwako kobe wa gamba laini wa Mto Nile, aliyeitwa Pigface, ambaye alizoea kujijeruhi kwa kucha zake mwenyewe. Alipopewa mipira na vijiti alivichezea sana na kujijeruhi kukapungua, kama walivyoandika Gordon Burghardt na wenzake mwaka 1996. Wangu, lakini, aliusukuma mpira siku 3, kisha akaufanya mto wa kulalia kidevu. Samaki nao wana sharti: wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo wasiwe chakula cha kila siku. Nyungunyungu aliyechimbwa mahali pasipopuliziwa dawa humshughulisha vilevile.

Babu Ngisi: Mimi nachagua majani bila kusita, kwa kuwa kobe huyu akiwa mdogo hupenda zaidi nyama, na akikua huelekea kwenye mboga. Bana jani zima la sukuma wiki kwa kibanio cha nguo, nusu likiwa majini, kisha mtazame: huling'ata, huegemeza miguu ya mbele kwenye kioo, huvuta kwa kurudi kinyumenyume, na likichanika hulifukuza lile pande tangi zima. Nawe uko Pwani, basi okota mfupa wa ngisi ufukweni, uoshe, uondoe lile ganda gumu la mgongoni, uuache uelee. Anautafuna na kupata kalsiamu. Mabaki ya majani yatoe jioni, maana maji huchafuka upesi.

Mkaazi wa Nyali: Ahsanteni. Taa ipo. Kumbe kosa ni langu: tangi ni la lita 120 lakini maji hayafiki 70, kwa sababu nilihofia atazama.

Fundi Matangi: Hazami huyo, ni mwogeleaji hodari. Ongeza maji leo, funika juu kwa wavu asije akatoka, na utafute tangi kubwa zaidi. Jani la Babu lisisubiri tangi.