Magego mapya ya binti yangu yametoka na madoa ya hudhurungi: chanzo ni nini?

Mama Salma, Kisauni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Binti yangu ana umri wa miaka saba, na magego yake ya kwanza ya ukubwani, yale yanayochomoza nyuma kabisa bila ya jino la utotoni kung'oka, yametoka yakiwa na madoa ya manjano na hudhurungi. Mawili yameanza kumeguka, na jino moja la mbele la juu lina doa jeupe lenye mpaka ulio wazi. Maji baridi yanamuuma. Meno yake ya utotoni yalikuwa mazuri, na hupiga mswaki kila usiku mbele yangu, lakini mwalimu wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba hasafishi meno, akarudi nyumbani akilia. Alizaliwa njiti, na kabla ya kutimiza mwaka alilazwa kwa homa ya mapafu. Mama mkwe anasema ni dawa alizopewa wakati huo. Jirani anasema ni maji ya kisima. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze.

Tabibu wa Meno, Tudor

Waalaykum salaam, Mama Salma. Sijayaona meno yenyewe, lakini maelezo yako yanatosha kusema kwamba mswaki hauhusiki, kwa sababu magego hayo yalitoka kwenye ufizi yakiwa tayari na kasoro. Enameli, yaani tabaka gumu la juu la jino, hujengwa ndani ya taya na seli maalumu ambazo hutoweka jino linapochomoza. Kwa hiyo mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyochanika hufunga, lakini enameli iliyojengwa vibaya hubaki hivyo hivyo maisha yote.

Jambo la kuangalia kwanza ni meno gani yameathirika. Gego la kwanza la ukubwani huanza kujengwa karibu na wakati wa kuzaliwa na kichwa chake hukamilika kwenye umri wa miaka mitatu hivi. Meno ya mbele huanza miezi michache baada ya kuzaliwa. Meno ya utotoni, kwa upande wake, hujengwa kwa sehemu kubwa mtoto angali tumboni. Basi doa lililoko kwenye magego haya na jino la mbele, huku yale ya utotoni yakiwa salama, linaelekeza kwenye miaka ile mitatu ya mwanzo. Hali hii inajulikana sana kwa madaktari wa meno ya watoto, na jina lake la kitaalamu, "molar incisor hypomineralisation" (MIH), lilipendekezwa mwaka 2001.

Kuzaliwa njiti na maradhi makali ya utotoni ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa nayo, na urithi nao unachangia, ila hakuna atakayekuthibitishia kwamba ni homa ile ya mapafu peke yake. Kuhusu dawa, tetrasaiklini, ambayo ni aina ya antibiotiki, hutia meno rangi na ndiyo maana kwa kawaida watoto walio chini ya miaka minane hawapewi. Lakini rangi yake hukaa kama mikanda kwenye meno mengi, si doa moja lenye mpaka. Kwa dawa nyingine ni vigumu kutenganisha athari ya dawa na ile ya ugonjwa uliofanya itolewe.

Usichelewe kumpeleka kwa daktari wa meno. Enameli ya namna hii ina madini machache, hivyo huoza na kumeguka upesi, na hata ganzi huweza kutoshika vizuri. Anaweza kupakwa vanishi ya floraidi, yaani madini yanayoimarisha enameli yakitumika kwa kiasi, kuzibwa mashimo, au kuvishwa kofia ya chuma kwenye gego lililoharibika sana. Kwa sasa mpe maji ya uvuguvugu ya kusukutua na dawa ya mswaki yenye floraidi.

Mzaliwa wa Nakuru, sasa Bamburi

Niongeze neno kuhusu maji, kwa kuwa mimi nina meno ya hudhurungi yanayotokana na maji hasa. Kwetu Bonde la Ufa maji ya visima vingi yana floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Madoa ya floraidi hukaa kwa ulinganifu: jino la kulia na mwenzake wa kushoto hufanana, michirizi haina mpaka, na ndugu wote waliokunywa kisima kimoja huwa nayo. Kuyachemsha maji hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Huko Colorado Springs, Marekani, daktari Frederick McKay alianza kuyachunguza madoa kama haya mwaka 1901, na ilichukua hadi 1931 kujulikana kwamba ni floraidi. Doa la binti yako, dada, silo hili.

Mwanafunzi wa Akiolojia, Mji wa Kale

Kwetu sisi tunaosoma mabaki ya kale, alama hizi ni kumbukumbu ya thamani. Enameli huwekwa kidogo kidogo kila siku, na chini ya hadubini mistari ya siku kwa siku huonekana. Meno ya utotoni na gego la kwanza hubeba hata mstari wa siku ya kuzaliwa. Mfereji unaokatiza jino huonyesha kwamba ujenzi ulitatizwa kwa muda, na mahali ulipo hutupa makadirio ya umri wa mtoto wakati huo. Mfereji huo hausemi kama ilikuwa njaa, surua au jambo jingine. Tena mwenye alama ni yule aliyeishi akaivuka shida. Aliyefariki haraka hakuacha mfereji wowote, na hivyo meno safi makaburini si lazima yawe ya watu waliokuwa na afya.

Mama Salma, Kisauni

Nawashukuru sana. Nitamweleza mwalimu haya yote. Nina swali la mwisho: mdogo wake wa miezi sita ana homa na uvimbe mweupe kwenye ufizi, na kuna mzee anayetaka kuutoa, akisema ni meno ya plastiki.

Tabibu wa Meno, Tudor

Tafadhali usikubali, mama. Uvimbe huo kwa kawaida ni chonge la utotoni linalokua chini ya ufizi, na kulichokoa kwa chombo kisicho safi huleta maambukizi na kutoka damu nyingi, watoto wengine wamepoteza maisha, na chonge la ukubwani lililo karibu yake huweza kutoka na kasoro ya enameli au lisitoke kabisa. Homa ya mtoto wa umri huo ina chanzo kingine. Mpeleke hospitali leo apimwe, malaria ikiwemo.