Naomba ushauri: tumenyimwa chumba gesti, Uingereza
Wakuu habari zenu, naishi Uingereza na mwenzangu, sote wanaume. Tulibuku chumba cha kitanda kimoja gesti fulani ya pwani kwa likizo, advansi tumelipa, kufika mapokezi mama mwenye gesti katuangalia juu mpaka chini eti hicho ni cha mke na mume tu, tuchukue viwili (na bei juu!). Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza, na 2013 Mahakama ya Juu iliwabana wenye hoteli ya Cornwall kwa jambo hilihili, hata hoja ya dini haikuwaokoa. Muda wa kufungua kesi haufiki hata miezi sita kamili, sasa nianze na barua ya madai au niende kotini moja kwa moja? Ushahidi ni meseji za buking tu, advansi hawajarudisha. Matusi wekeni pembeni jamani.